Barua ya wazi: Mwanangu bado anameza dawa ambayo karatasi yenu inasema imeshindwa

Likoni, Mombasa
13 Oktoba 2025

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia matibabu ya VVU katika Kaunti ya Mombasa,

KUH: KUCHELEWESHWA KWA WAGONJWA AMBAO VIRUSI VYAO VIMEPATA USUGU DHIDI YA DAWA

Waheshimiwa,

Salamu kwenu. Mimi ni mchuuzi wa mahamri na mbaazi hapa Likoni, mama wa watoto watatu. Ninaishi na VVU tangu 2008, na kitindamimba wangu, ambaye sasa ana miaka 17, alizaliwa navyo. Barua hii si ya kwanza kuwaandikia. Ya kwanza niliileta kwa mkono mwezi wa Machi mwaka huu, nikaambiwa niiache mapokezi. Ya pili niliileta tarehe 3 Juni, ikagongwa mhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Ya tatu nimeileta Septemba. Zote tatu hazikujibiwa, hata kwa simu. Ndiyo maana leo nasema mbele ya watu, nikijua fika kwamba wapo majirani ambao kuanzia kesho hawatanunua tena mahamri yangu.

Kijana wangu ameisoma barua hii kabla yenu. Mistari miwili aliifuta, iliyobaki akanirudishia akasema, "Peleka, Ma." Jina lake silitaji. Kliniki yetu pia siitaji, kwa sababu pale kuna wauguzi wawili watatu wenye roho nzuri ambao wamechoka kama sisi, na sitaki waadhibiwe kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wao.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 11 Agosti tulipokea majibu ya kipimo cha usugu wa dawa, yaani cha kuona kama kirusi kimeshaizoea dawa kiasi kwamba haikizuii tena. Yanasema kirusi alichonacho mwanangu hakishikiki tena kwa lamivudini, na kwa dolutegraviri kimepata usugu wa juu. Hizo ni dawa mbili kati ya tatu zilizomo ndani ya kidonge anachomeza kila siku. Leo ni wiki ya tisa tangu karatasi hiyo ifike, na jana saa tatu usiku hapa nyumbani kengele ya simu ililia, akainuka kitandani, akameza kidonge kile kile. Hajabadilishiwa. Tunaambiwa kamati ya kuamua dawa mpya haijakaa, kisha kwamba imekaa lakini dawa mpya haijaagizwa, kisha kwamba faili haionekani. Seli zake za CD4, zile askari wa mwili ambao kirusi hiki huwaua, zilikuwa 512 mwaka 2022. Mwezi wa Agosti zilikuwa 138. Uzito umeshuka kutoka kilo 54 hadi 46, na ulimi umeota utando mweupe kiasi kwamba mbaazi za nazi, chakula alichokipenda tangu utotoni, anaziogopa kwa uchungu.

Naomba niyaeleze yanayotuumiza, moja baada ya jingine.

1. Majibu yanachelewa kuliko kirusi kinavyosubiri

Damu ya kupima wingi wa virusi ilitolewa Januari 2024. Majibu yakaja Aprili: nakala 1,840 kwa mililita. Mstari uliowekwa na Shirika la Afya Duniani ni 1000, kwa hiyo alikuwa ameshauvuka. Tukapangiwa vikao vitatu vya ushauri nasaha, tukavimaliza Agosti. Septemba akatolewa damu tena. Baada ya wiki sita tukaambiwa sampuli iliharibika njiani. Novemba ikatolewa nyingine, na majibu yake tukayapata Februari 2025: 41,600. Hapo ikatakiwa fomu ya muhtasari wa kesi ijazwe ndipo kipimo cha usugu kiidhinishwe. Mwezi wa Aprili niliiona fomu hiyo kwa macho yangu ndani ya faili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina na umri tu, na doa la chai. Damu ya kipimo cha usugu ikatolewa Mei, ikapelekwa Nairobi, majibu yakarudi Agosti.

Hesabuni wenyewe. Kutoka Januari 2024 hadi Agosti 2025 ni miezi kumi na tisa.

Nimejifunza kwa lazima kinachotokea mwilini katika muda kama huo, na nawaomba mniwie radhi nikirudia mnayoyajua. Kirusi hiki hujinakili mara mabilioni kwa siku, na katika kujinakili hukosea, kwa sababu hakina cha kusahihisha makosa yake. Makosa mengi hukiua chenyewe. Lakini dawa ikiwa imo damuni kidogo, haitoshi kukizima, hutokea kimoja kilichozaliwa na umbo ambalo dawa haiwezi kulikamata. Hicho ndicho kinachopona, na kizazi chake ndicho kinachojaa mwilini. Mgonjwa akiendelea na dawa ile ile huku virusi vikizaana, kila mwezi unaopita unaongeza kosa jingine juu ya la kwanza, mpaka usugu unagusa hata dawa ambazo hajawahi kuzimeza, za ukoo mmoja na yake. Mwanangu alianza na nakala 1,840. Pengine wakati ule angepimwa, lingepatikana kosa moja dogo. Sitajua kamwe.

2. Mgonjwa analaumiwa pale anapostahili kupimwa

Hili ndilo lililoniuma zaidi, kwa hiyo mtanivumilia nikilikalia.

Katika kikao cha pili cha ushauri, kijana aliambiwa alete chupa yake. Mshauri akavimwaga vidonge mezani juu ya gazeti, akawa anavihesabu viwili viwili kwa ncha ya kalamu. Vilibaki 14. Kwa hesabu ya siku, vilipaswa kubaki 14. Akavihesabu tena. Kisha akanigeukia mimi, wala si mtoto, akasema, "Mama, wengine huvitupa chooni ndio hesabu iingie sawa. Mwambie aseme ukweli."

Mwanangu alikuwa anatazama sakafu. "Nameza, Ma," akaniambia. "Wallahi nameza."

Akaulizwa juu ya Ramadhani. Akajibu kwamba kidonge alikihamishia wakati wa daku, saa ile ile kila siku. Hilo nalo likaandikwa kwenye faili kama kasoro. Tulipotoka hakutaka tupande matatu pamoja. Alitembea mbele yangu kwa miguu mpaka nyumbani.

Sitawaficha jambo. Mwaka 2023, muhula wa pili wa kidato cha kwanza, kijana huyu alikaa karibu wiki tatu bila dawa. Husoma shule ya bweni, na chupa ile ikitikiswa hulia kama njuga. Alizoea kuvitoa vidonge na kuvifunga ndani ya pamba kwenye mfuko wa sabuni. Mwenzake wa kitanda cha juu akaviona, akauliza, na mtoto kwa hofu akavitupa vyote shimoni. Alikuja kuniambia likizo ikiwa imeshaanza, akilia. Jambo hilo tulilieleza wenyewe kliniki, bila kuulizwa.

Sasa nawauliza, Waheshimiwa: mtu aliyewahi kukosa dozi wiki tatu, kisha akarudi kumeza vizuri, na virusi vinaendelea kupanda, si ndiye hasa anayehitaji kupimwa usugu mapema? Ukweli aliousema mtoto uligeuzwa ushahidi dhidi yake. Tangu siku ile kila majibu mabaya yalikuwa na maelezo tayari: hamezi. Na mwongozo wa matibabu wa nchi hii unataka mtu ambaye dolutegraviri inamshinda apimwe usugu kabla ya kubadilishiwa dawa. Ushauri nasaha una kazi yake, mimi mwenyewe uliniokoa 2008 nilipotaka kujitupa baharini pale Mtongwe. Lakini ushauri hauwezi kuona ndani ya kirusi. Kipimo ndicho kinachoona.

Mshauri yule ule, tarehe 11 Agosti, alipoisoma karatasi alinyamaza muda mrefu. Hakuomba radhi. Nadhani alitamani.

3. Faili lilikuwa na habari yote, halikusomwa

Nilipojifungua 2008 nilipewa kidonge kimoja cha nevirapini nikimeze uchungu ukianza, na mtoto akapewa matone. Ndivyo ilivyokuwa wakati ule, na watoto wengi iliwakinga. Waliozaliwa na virusi licha ya hiyo nevirapini, wengi wao walizaliwa na virusi vilivyokwisha kuijua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba katika uchunguzi wa nchi kumi za Afrika, karibu nusu ya watoto wachanga waliogunduliwa na VVU walikuwa na kirusi sugu kabla hawajaanza matibabu.

Mwanangu alianza dawa ya maji yenye nevirapini 2009. Kufika 2013 ikawa imeshindwa, akahamishiwa lopinaviri ya maji. Waliowahi kumpa mtoto dawa ile wanajua ladha yake. Nilikuwa nikimbana pua, nikimpa kwa kijiko na asali, nusu anatapika kwenye kanga yangu. Mwaka 2021, akiwa na miaka 13, akahamishiwa kidonge kimoja kwa siku: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tulishukuru Mungu. Kidonge kimoja!

Lakini siku anahamishwa, wingi wa virusi haukupimwa. Vitendanishi, yaani kemikali za maabara za kupimia, havikuwepo.

Mnakumbuka mwaka ule. Dawa za VVU za msaada kutoka Marekani zilikwama katika bandari hii hii ya Mombasa huku serikali na wafadhili wakivutana juu ya ushuru na juu ya nani azisambaze. Tuliokuwa tukipewa dawa za miezi mitatu tukaanza kupewa za mwezi, wengine za wiki mbili. Mimi huvuka na feri karibu kila siku kwenda kununua unga na mbaazi mjini. Nilikuwa nikisimama ukingoni mwa feri nikitazama kreni za bandari ya Kilindini, nikijiambia dawa za mwanangu ziko pale, ndani ya mojawapo ya makasha yale, na mimi niko hapa na chupa yenye vidonge vinne.

Kwa nini napeleka historia ndefu hivi? Kwa sababu mtoto ambaye matibabu ya kwanza yalimshinda, mara nyingi lamivudini ilikwisha mshinda tangu zamani. Akihamishiwa kidonge kile, mzigo mkubwa unabebwa na dolutegraviri na tenofoviri, na kama virusi vilikuwa vingi siku hiyo, dolutegraviri inaingia vitani ikiwa na msaada mdogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Machi 2024 ilieleza kwamba katika nchi zilizochunguza, usugu dhidi ya dolutegraviri ulikuwa kati ya asilimia 3.9 na 8.6, lakini kwa watu waliokuwa na historia ya dawa na waliohamishiwa dolutegraviri wakiwa na virusi vingi, ulifika asilimia 19.6. Mmoja katika watano. Mwanangu ni wa kundi hilo. Mtu yeyote ambaye angefungua kurasa tatu za mwanzo za faili lake angeliona.

4. Vidonge vingine havielezwi

Katika kikundi chetu cha akina mama kuna mwenzetu mjamzito aliyekuwa akimeza dawa yake ya VVU pamoja na vidonge vya kuongeza damu, asubuhi, tumbo tupu, vyote kwa maji ya glasi moja. Alivipata vyote katika jengo moja, vyumba viwili tofauti, na hakuna aliyemwambia kwamba madini ya chuma hushikana na dolutegraviri tumboni ikashindwa kuingia damuni. Ilibidi atenganishe, dawa ya VVU saa mbili kabla au saa sita baada, au avimeze vyote pamoja na chakula. Dawa nyingi za kiungulia na vidonge vya kalsiamu vina shida hiyo hiyo. Na anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini anatakiwa ameze dolutegraviri mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampisini huifanya iishe mwilini upesi. Ni sentensi tatu. Zingeweza kubandikwa kwenye dirisha la dawa.

Mwenzetu huyo naye alipopanda virusi aliulizwa swali lile lile: unameza?

5. Tangu Januari

Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Hapa Mombasa hatukuhitaji kuisikia redioni. Yule dada aliyekuwa akinipigia simu siku mbili kabla ya kliniki, aliyejua kwamba mwanangu huja Jumamosi ili asikose masomo, alipewa barua ya kusimama kazi. Kliniki ya vijana ya Jumamosi ikafa wiki hiyo hiyo. Chumba chetu kikaunganishwa na foleni ya wagonjwa wote, na majina yanaitwa kwa sauti, faili zetu zikiwa na rangi yake tofauti na za wengine. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU inalinda siri ya mgonjwa. Rangi ya faili nayo inasema siri.

Sipingi kuunganisha huduma. Huenda ni vizuri VVU vitibiwe kama kisukari. Ninachopinga ni kuunganisha kwa kubeba makabati usiku na kuyatupa ukumbini. Fomu ya mwanangu ilikuwa ndani ya mojawapo ya makabati hayo.

6. Shule

Mlezi wa bweni hajui, kwa sababu mtoto hataki ajue, na mimi siwezi kumlazimisha. Ninachojua ni kwamba mtoto wa pumu na mtoto wa kifafa katika bweni lile wana kabati la dawa lenye ufunguo. Mkizungumza na shule juu ya dawa za kila siku kwa jumla, bila kutaja ugonjwa wa mtu, watoto wetu nao watapata pa kuweka chupa isiyolia.

7. Hatuambiwi hesabu

Ni wangapi Mombasa wenye virusi zaidi ya 1000 huku wakimeza dawa? Wangapi wamepimwa usugu mwaka huu? Wangapi wanasubiri dawa mpya kama mwanangu? Nimeuliza katika barua zote tatu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na cha 43 kinampa mwanangu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachoweza kufikiwa. Sikuviandika ili kuwatisha. Nimeviandika kwa sababu mara ya mwisho karani aliniambia hizo ni takwimu za ndani.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, maana nimeshayasikia kwenye mabenchi.

Mtasema pesa hakuna, wafadhili wameondoka. Pesa zimepungua, hilo naliona. Lakini sampuli ya mwanangu iliharibika Septemba 2024, miezi minne kabla ya msaada kusimamishwa. Na fomu ilikaa bila kujazwa kwa kukosa kalamu na dakika ishirini, jambo ambalo halihitaji mfadhili.

Mtasema kipimo cha usugu ni ghali. Ni ghali, ndiyo. Lakini mpigieni hesabu pia kijana mwenye CD4 138. Akipata homa ya uti wa mgongo au kifua kikuu atalazwa, na kitanda, sindano na chakula vitalipwa na nani? Halafu kuna wale atakaowaambukiza wasiojua, Mungu apishie mbali, ambao watakianza kirusi kikiwa tayari kimeshaijua dawa bora tuliyo nayo. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutoa dolutegraviri ya bei nafuu, mwaka 2017. Tumeipata mapema kuliko wenzetu, basi tuwe wa kwanza pia kuilinda.

Mtasema dolutegraviri ni dawa ngumu kushindwa, kwa hiyo ikishindwa kosa ni la mgonjwa. Kweli ni ngumu kushindwa, na wengi wanaopanda virusi hushuka tena wakimeza vizuri. Mimi mwenyewe naimeza tangu 2019, ilipoacha kunyimwa wanawake wa umri wa kuzaa, na virusi vyangu havionekani kwenye kipimo. Lakini "ni vigumu" na "haiwezekani" ni maneno mawili, na kati yake amelala mwanangu.

Na mtasema maamuzi ya dawa za laini ya tatu, zile za akiba wanazopewa walioshindwa na za mwanzo, hayatoki Mombasa. Basi kazi yenu ni kuyafuatilia huko yanakotoka, kwa simu, kila siku, kama mimi ninavyowafuatilia nyinyi kwa matatu.

Tunachoomba:

a) Mwanangu apewe dawa mpya kabla ya siku yake ijayo ya kliniki. Wakati tunasubiri, apimwe kifua kikuu kwa mkojo na apimwe damu kwa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu CD4 yake iko chini ya 200. Mpaka leo hajapimwa hata kimoja.

b) Majibu ya wingi wa virusi yanayozidi 1000 yapigiwe mgonjwa simu siku yanapofika. Msingoje siku yake ya kurudi, ambayo huenda ni baada ya miezi mitatu.

c) Fomu ya muhtasari ijazwe ndani ya siku 14 tangu majibu ya pili mabaya, na mgonjwa apewe nakala yenye jina la aliyeijaza. Wale walioanza dawa utotoni au waliowahi kushindwa na dawa nyingine, damu yao ya kipimo cha usugu itolewe bila kungoja. Na itolewe wakiwa bado wanameza dawa, kwani mtu akiziacha, kirusi cha zamani hurudi juu na kile sugu hujificha kipimo kisikione. Mama mmoja wa Changamwe aliambiwa apumzike dawa kwanza. Mfundisheni aliyemwambia hivyo.

d) Kliniki ya vijana ya Jumamosi irudi, hata kama ni mara moja kwa mwezi na muuguzi mmoja.

e) Faili zote ziwe za rangi moja, na foleni iite nambari.

f) Kila baada ya miezi mitatu kaunti ibandike ukutani, kliniki zote, idadi ya waliopanda virusi, waliopimwa usugu na wanaosubiri dawa. Majina hatuyataki. Tunataka hesabu.

g) Washauri wafundishwe upya. Mtoto akisema anameza, aaminiwe mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Kuna wenzangu kumi na mmoja wa kikundi chetu, kutoka Likoni, Changamwe, Jomvu na Kisauni, walioniambia niandike kwa niaba yao pia. Wako tayari kuja kuzungumza nanyi siku mtakayopanga, saa yoyote isipokuwa alfajiri, maana wengi wetu alfajiri tuko jikoni.

Kijana anarudi kliniki Alhamisi, tarehe 23 Oktoba. Chupani amebakiwa na vidonge kumi, nimevihesabu asubuhi hii. Nitakuwa naye pale saa moja, na karatasi ya tarehe 11 Agosti nitakuwa nimeishika mkononi.

Wenu kwa heshima,

Mama wa kijana wa kidato cha tatu,
Likoni